Vitimbi au Vioja Mahakamani?

Ukiniambia nichague kimoja tu kati ya vipindi vikongwe vya vichekesho vya KBC, shirika la utangazaji la Kenya, nitachagua Vitimbi, ingawa Vioja Mahakamani nakipenda sana.

Vioja kinabebwa na mahakama. Shtaka linasomwa, mshtakiwa anaulizwa kama ni kweli au si kweli, na kabla hajajibu umeshaanza kucheka. Mhusika kama Ondiek Nyuka Kwota au Makokha akiwa kizimbani hajibu swali moja kwa moja. Anazunguka, analaumu jirani, anamgeuzia kibao shahidi, huku mwendesha mashtaka akizidi kupandwa na hasira. Hukumu ikitolewa, kisa kimekwisha. Hata aliyechelewa kuwasha televisheni anaelewa.

Vitimbi hakina mpangilio huo wa kukishikilia. Kilimtegemea Mzee Ojwang, na hapo ndipo kiliponiteka. Marehemu Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang na kufariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini akifungua kinywa ulimsikia Mjaluo mtupu, lafudhi na vituo vyake vyote. Naye mkewe Ojwang, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, hakuwa mke wa kunyamazishwa: mzee akijigamba, alimkata kwa neno moja na jicho. Ugomvi wao ungeusikia katika nyumba yoyote unayoijua.

Mtoto anayejifunza Kiswahili mwanzishie Vioja, maana mahakamani watu huongea kwa zamu. Mimi niachie Ojwang.