Hevy si alishakufa, mbona namwona tena?

Nimekasirika na bado sijapoa. Majuzi nilipeleka flashi kwa kijana anayeuza muvi mtaani kwetu, aniwekee Star Wars: The Clone Wars, misimu yote 7. Akanitazama juu mpaka chini: "Dada, hizi si katuni za watoto?" Na watu wamejaa dukani. Nikalipa, nikaondoka.

Msimu wa kwanza, sehemu ya 5. Maaskari wapya wanalinda kituo kwenye mwezi wa Rishi, maroboti yanakivamia. Inabidi kituo kilipuliwe, kitufe cha kulipulia kwa mbali kinagoma, mmoja wao, Hevy, anabaki ndani na kulipua kwa mkono wake. Nililia. Maaskari hawa ni nakala za mtu mmoja, sura ni moja, hata sauti ni ya mtu mmoja, Dee Bradley Baker, lakini Hevy nilishamjua kwa bunduki lake kubwa na ubishi wake.

Naingia msimu wa 3, sehemu ya kwanza kabisa: Hevy huyo hapo Kamino, sayari wanakotengenezwa maaskari hawa, mzima, bado yuko mafunzoni! Nikasema kijana kanichanganyia mafaili. Nikarudi dukani usiku uleule. Macho hakuyatoa kwenye kompyuta: "Kama huelewi, si uache tu." Yaliniuma maneno yale.

Kumbe kwenye mpangilio hakukosea. Watengenezaji wenyewe waliitoa hivyo, mambo ya mwanzo yakaja baadaye, mpaka baadaye wakatoa orodha ya kufuata ili mambo yaende kwa wakati wake. Jamani, mtu uangalie vita umeshika orodha mkononi? Nilikaa niandike kwamba msijisumbue na katuni hii.

Lakini ile sehemu ya Kamino haijanitoka. Yupo mfagizi anaitwa 99, askari aliyetoka na kasoro, mgongo umepinda, vitani hakupelekwa. Usiku Hevy anataka kutoroka, 99 ndiye anayemzuia. Siku ya kuhitimu Hevy anampa 99 medali yake, anamwachia moja kwa moja. Nami najua Rishi inamngoja. Kama ningeianza hii, ningeona medali tu, basi. Iangalieni. Na orodha wekeni pembeni, angalieni ilivyotoka.

Kijana yule simsamehe. Sehemu 4 za mwisho, za vita vya Mandalore, hakuniwekea, na pesa yangu alichukua yote. Kwake sirudi; kesho naenda duka la stendi.