PaperMod ya Hugo: themu nyepesi sana, na Kiswahili chake unaweza kujipikia mwenyewe

Hii themu (yaani muonekano wa tovuti uliotengenezwa tayari) nimeiweka kwenye blogu ya mama mdogo, analima zabibu kule Hombolo, mimi nipo Area C hapa Dodoma mjini na kazi yote nimeifanya kwa bando la simu. Bando nalitaja makusudi maana ndo lililoamua nichague nini. Wanaosoma wengi ni wakulima wenzie, wengine mtandao wao wa kuvizia, ukurasa ukiwa mzito mtu anafunga anaenda zake WhatsApp.

Kwa asiyejua, Hugo ni programu tu, faili moja, ipo toka 2013, unaandika makala kwa Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za kupanga) yenyewe inakutolea kurasa za HTML zilizoiva, hakuna database hakuna PHP, unaenda kuziweka GitHub Pages, huduma ya kuhifadhi tovuti, bure. PaperMod ni moja ya themu zake. Nilichoipendea cha kwanza haikulazimishi kushusha Node (programu ya kuendeshea JavaScript) na lile folda lake lisiloisha, na fonti inatumia zilezile zilizopo kwenye simu ya msomaji kwa hiyo hakuna fonti ya kushusha. Kuna watu wanaiweka halafu wanaongeza Google Fonts tatu juu yake, sasa si bora ungechukua themu nyingine tu aisee.

Kuiweka haichukui muda, unaingiza kama submodule ya git (mradi wa mtu mwingine ulioungwa ndani ya wako; git ni programu ya kutunza matoleo ya kazi), unaandika jina lake kwenye setingi, unawasha hugo server, unafungua localhost:1313 (anwani ya ndani ya kompyuta yako) kwenye brauza unaona. Ukihamia laptopu nyingine ukavuta kazi yako utakuta folda la themu liko tupu, usishtuke, andika git submodule update --init --recursive linajaa. Na setingi zikiwa za YAML (namna mojawapo ya kuandika faili la setingi) nafasi za mwanzo wa mstari ziwe za spesi, tab haitaki kabisa.

Utamu wenyewe upo kwenye kubadilisha. Hapa waliifikiria vizuri, hugusi faili hata moja la themu. Ukitaka CSS yako (maelekezo ya rangi na mpangilio wa ukurasa) unaunda folda assets/css/extended ndani ya blogu yako, unatupia faili lolote la CSS humo na linaokotwa lenyewe, ukitaka kuongeza kitu kwenye head ya ukurasa (sehemu ya juu ya msimbo ambayo msomaji haioni) kuna extend_head.html, chini kabisa kuna extend_footer.html, na faida yake ni kwamba siku ukiapdeti themu vitu vyako havifutiki. Rangi na vipimo vimepewa majina, --primary ndo rangi ya maandishi makuu, --main-width ni upana wa makala ambao unakuja na 720px, basi mi nikaweka zambarau ya zabibu zilizoiva kwa mistari michache tu ikakubali. Kumbuka hali ya giza ina rangi zake peke yake, ile zambarau juu ya nyeusi haisomeki hata kidogo, lazima uipe nyingine.

Sasa Kiswahili. Niliunda faili langu la tafsiri, i18n/sw.yaml, kwenye blogu yenyewe, nikaweka Mwanzo, Yaliyomo, Ukurasa unaofuata, kazi ikaisha. Tarehe ndo ina vituko vyake, Hugo haijui habari za dd/mm/yyyy, ukiandika hivyo inakuchapia herufi hizohizo kama zilivyo. Unatakiwa uandike tarehe ya mfano ya Go (lugha ya programu iliyoandikiwa Hugo), yaani kwenye DateFormat unaweka "2 January 2006" na sio siku nyingine yoyote, halafu lugha ikiwa sw mwezi unatoka kwa Kiswahili wenyewe. Ajabu ila inafanya kazi.

Kile kipengele cha kusema makala itasomwa dakika ngapi nimekizima. Hugo inahesabu maneno 213 kwa dakika, na neno letu moja limebeba kitu ambacho Mwingereza anakisema kwa maneno matatu manne, kwa hiyo makala ndefu ya kupogolea mizabibu inaandikwa fupi kuliko ilivyo. ShowReadingTime: false, tumemalizana.

Picha nazo sikilizeni. Ukiweka picha ya juu ya makala ndani ya folda la makala hiyohiyo, themu inatengeneza nakala za saizi mbalimbali, simu inachukua ndogo, ukiirusha tu kwenye folda la static inaenda ilivyo na megabaiti zake zote. Kwa picha za mavuno zinazopigwa shambani, tofauti yake ni kubwa mno.

Sehemu ya kutafuta mi nimeiacha. Inataka uunde search.md na uiambie Hugo itoe JSON (faili la data ambalo kisanduku kinatafutia humo) kwenye ukurasa wa mwanzo, bila hiyo kisanduku kinatokea lakini hakileti kitu. Halafu hiyo JSON inabeba maandishi ya makala zako zote, msomaji akifungua ukurasa wa kutafuta anashushiwa lote. Blogu ikikua hapo uwepesi umeutupa, nimeweka orodha ya archives (makala kwa tarehe) na tags (makala kwa mada) basi.

Kwa maandishi na picha naipa nne na nusu kati ya tano. Duka la mtandaoni usijaribu, haikujengwa kwa hiyo kazi. Na nusu niliyokata ni ya Hugo zaidi kuliko themu, hakuna mahali mama mdogo anaweza kulogin akaandika mwenyewe, ananitumia voisi na picha WhatsApp mi ndo nachapa na kupandisha, msimu wa Agosti na Septemba zabibu zinavunwa hapo ananitumia usiku usiku. Kama huna mtu wa kukaa na hiyo laptopu, chukua kitu chenye admin tu.