Ruba au Chuma cha Moto kwa Maumivu Sugu ya Kisigino

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, maumivu sugu ya kisigino, yaitwayo vatakantaka, hutibiwa kwa ruba au kwa agnikarma, yaani kuchoma ngozi kwa ncha ya chuma iliyotiwa moto. Ruba hubandikwa penye maumivu, naye hunyonya hadi avimbe, kisha hunyunyiziwa unga wa bizari ya manjano ili aachie; mate yake yana hirudini inayozuia damu kuganda, ndiyo maana jeraha huweza kuvuja kwa saa kadhaa. Agnikarma huchukua dakika chache, lakini huacha alama za kuungua. Ningependelea ruba kisigino kinapovimba na kuwaka moto, ila si kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kisukari, nakusihi, usikubali hata moja kabla ya kumwona daktari, kwani kidonda cha mguuni hupona kwa shida.