Nimepitisha makontena sita kwa dalali wa reli, Los Angeles hadi Columbus

Nina duka la jumla la vyakula hapa Columbus, Ohio: mchele, sembe, maharage, tui la nazi la kopo. Vitu vingi vinashuka bandari ya Long Beach, vinalala kwenye ghala la kukodi kule Fontana, halafu vinavuka nchi nzima kunifuata. Miaka mitano mzigo huo aliubeba shemeji yangu kwa lori lake. Mwaka jana nikajaribu reli, kupitia kampuni ya udalali, yaani inayokupangia treni na malori ya kufikisha mzigo mlangoni, ambayo ni mali ya mojawapo ya kampuni kubwa za reli za magharibi. Jina naliweka kapuni. Nimeshapitisha makontena sita, na la saba liko njiani.

Kilichonivuta ni bei, sina haja ya kuficha. Kontena la futi 53, kutoka mlango wa ghala hadi mlango wangu, lilinitoka karibu robo chini ya lori. Treni inabeba makontena yamepandiana mawili mawili, na reli za Marekani hujisifu kwamba galoni moja ya dizeli inasogeza tani moja karibu maili 500. Shemeji nilipomsomea hilo alicheka: "Mimi galoni ikinifikisha maili saba nashukuru Mungu."

Kontena la kwanza lilinitia adabu kabla hata halijapanda treni. Kwenye lori nilizoea kupakia pauni 44,000. Sheria ya barabara ni ileile, pauni 80,000 kwa ujumla wake, lakini kontena pamoja na fremu ya magurudumu inayolibeba ni zito kuliko tela la kawaida, kwa hiyo dalali akanipa kikomo cha 42,500. Tofauti ya pauni 1,500 naiona ndogo kwenye karatasi. Kwenye mchele ni mifuko 75 ya pauni ishirini. Vijana wa Fontana wakapakia kama walivyozoea. Dereva wa kulipeleka yadi ya treni akapita kwenye mizani, akageuza, paleti mbili zikashushwa, na safari hiyo ya bure nikailipa mimi. Kosa langu, kikomo kilikuwa kimeandikwa kwenye barua pepe.

La pili ndilo lililoniuma. Nilifungua mlango wa kontena hapa dukani, katoni za tui zikanimwagikia miguuni. Za juu zilikuwa zimeegemea mlango, za chini zimebonyea, na kopo moja lilikuwa limepasuka likatoa weupe wake sakafuni kama maziwa yaliyochacha, harufu ndiyo usiseme. Treni haichezi kama lori. Mabehewa yanapovutana na kugongana mzigo unasukumwa mbele na nyuma, na njiani unayumbishwa kushoto kulia kwa siku kadhaa mfululizo. Nikadai fidia. Jibu likaja na picha zangu mwenyewe: mzigo haukufungwa kwa utaratibu wa reli, hakuna mbao sakafuni, hakuna mifuko ya hewa ya kujaza nafasi. Sikulipwa hata senti. Mwongozo wa kufunga mzigo upo, umetolewa na AAR, chama cha kampuni za reli za Marekani, ila mimi nilitumiwa baada ya hasara. Mtu wa mauzo angeutaja siku ile ya kwanza, badala ya kunisimulia mazingira yanavyofurahia treni, tui langu lingepona.

Kuanzia la tatu tunapigilia mbao, tunaweka mifuko ya hewa, na sijapoteza kopo.

Sasa kuhusu dalali mwenyewe. Akiwa ndani ya reli ya mwenye mali yake, huyu bwana hana mpinzani. Naona kwenye simu treni imetoka saa ngapi, imepita wapi, itafika Chicago lini, na inafika kweli. Kontena tupu Los Angeles sijawahi kukosa, hata msimu wa vuli ambapo kila mtu anagombea.

Shida inaanzia Chicago. Reli kubwa za magharibi, BNSF na Union Pacific, hazifiki Ohio. Upande huu wa mashariki ni reli za CSX na Norfolk Southern. Kwa hiyo kontena langu linashushwa kwenye yadi moja, linapakiwa kwenye lori, linakatiza mji kwenda yadi nyingine, linasubiri treni ya reli ya pili. La nne lilikaa hapo siku tatu. Nikapiga simu, dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole kabisa: "Kwetu limeshatoka." Kwao limeshatoka! Nimenunua safari ya mlango kwa mlango, ankara moja, namba moja, halafu naambiwa kwetu na kwao. Julai 2025 Union Pacific na Norfolk Southern zilitangaza mpango wa kuungana ili kupata reli moja ya pwani hadi pwani. Ukipata idhini ya serikali huenda kero hii ikapungua kwa baadhi yetu. Mpaka hapo, mimi nahesabu siku tisa hadi kumi na mbili. Shemeji, pamoja na sheria yake ya kuendesha saa 11 tu kwa zamu, anafika siku ya nne.

Kontena la tano lilifika yadi ya Columbus Ijumaa. Jumatatu dalali hakuwa na lori la kulileta. Jumatano likaja, likiwa na bili ya kulihifadhi kontena yadini, kwa jina langu. Nikawatumia barua pepe zao wenyewe zenye tarehe. Wakafuta nusu. Ile nusu nyingine tunaandikiana mpaka leo.

Na kuna jambo la kuingia nalo macho wazi. Dalali huyu hatakuambia hata siku moja kwamba mzigo fulani haufai kwa treni, wala kwamba reli ya jirani ina treni ya haraka zaidi wiki hii. Muuza samaki hakuelekezi buchani. Kampuni kama J.B. Hunt na Hub Group zina makontena yao na zinanunua nafasi kwenye treni, na zinakupa lori pia. Niliwaomba bei mara mbili, walikuwa juu kidogo, lakini angalau waliniuliza mzigo wangu unahitajika lini. Huyu wangu hajaniuliza.

Mchele, maharage na makopo nitaendelea kumpa. Sembe na chochote kinachongojewa na wateja kabla ya Ramadhani anabeba shemeji, ambaye bado ananiita msaliti.

Jana kaja dukani, kauliza la saba liko wapi. Nikamwonyesha simu: limeingia Chicago.

"Haya," akasema, akivuta kiti. "Sasa ndiyo linaanza safari."