Nala kwenye Debian na Ubuntu: Futa Usakinishaji Mzima kwa Amri Moja

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo ni Nala, programu ya kusakinisha na kuondoa programu nyingine kwenye Linux, na sitawachosha na utangulizi. Mko kwenye Debian 12 au Ubuntu 24.04? `sudo apt install nala`, imeingia. Ni bure. Ndani yake kazi ni ya apt na dpkg, zana zilezile mlizozizoea za kusakinisha vifurushi (programu zilizofungashwa), kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye kitu ninachokipenda: historia.

Tazameni kwenye skrini. Nasakinisha seva ya tovuti: `sudo nala install apache2 mariadb-server php`. Kabla haijapakua chochote inatoa jedwali: jina la kifurushi, toleo, ukubwa, na chini jumla ya kupakua. Kwa anayenunua bando, hiyo jumla isomeni kabla ya kubonyeza Y.

Sasa imemaliza. Naandika `nala history`. Mnaona? Kila kazi ina namba yake, amri yenyewe, tarehe, na idadi ya vifurushi vilivyoguswa. Yetu ni namba 4. `nala history info 4` inafungua orodha nzima, pamoja na vitegemezi, yaani vifurushi vinavyohitajika na vile mlivyovitaja, ambavyo hamkuviandika. Halafu `sudo nala history undo 4`. Jedwali linarudi, safari hii la kuondoa. Y. Vimetoka vyote kwa pamoja, na hakuna aliyelazimika kukumbuka jina hata moja. Napenda sana hii!

Lakini hapa sikilizeni vizuri. Kama baada ya namba 4 uliweka phpmyadmin, nayo itaondoka, kwa sababu inaitegemea php. Jedwali litakuonyesha, usibonyeze Y kwa mazoea. Pili, kanzidata za MariaDB hubaki `/var/lib/mysql`, na mipangilio ya Apache hubaki `/etc/apache2`. Andika `dpkg -l | grep ^rc` uone vilivyoacha mabaki. Tatu, na hili linaniudhi: undo ni ya kusakinisha na kuondoa tu. Ukisasisha mfumo na toleo jipya likaharibu kitu, Nala haikurudishi kwenye toleo la zamani. Na kilichowekwa kwa apt moja kwa moja hakimo humo.

Kitu kingine cha kuangalia ni `sudo nala upgrade`. Inasasisha orodha ya vifurushi vinavyopatikana, inasasisha vifurushi vyenyewe, kisha inafagia vile inavyoona havitumiki tena. Hamtaki kufagiwa? Fungueni `/etc/nala/nala.conf`, mweke `auto_remove = false`.

Watu wa Fedora, Linux nyingine inayotumia dnf badala ya apt, najua mnasema `dnf history undo` mnayo miaka mingi. Kweli, hongereni. Na apt 3.0 iliyokuja na Debian 13 mwaka 2025 nayo imeleta rangi na safu zilizopangwa, kwa hiyo uzuri wa macho peke yake haunitoshi tena kuisifu Nala. Bado inapakua vifurushi kadhaa kwa mkupuo, na `sudo nala fetch` inapima seva zipi za kupakulia vifurushi zinajibu haraka, wewe unachagua. Ila kujibu haraka si lazima iwe kupakua haraka, kwa hiyo chagueni 3, msitegemee moja.

Ijumaa tunaipima fetch peke yake, seva kwa seva. Bonyezeni kengele, na andikeni hapo chini mnatumia toleo gani la Ubuntu au Debian, nianze na lenye watu wengi.