Sedan ndogo za kifahari kwa barabara za Dodoma: ipi inatunza mgongo, ipi inakaa barabarani

Mama yangu anaishi Manyoni, kama kilomita 130 kutoka hapa Dodoma, na mgongo wake siku hizi hauvumilii mtikisiko. Kila mwezi namfuata, namleta kliniki, namrudisha. Anakaa kiti cha nyuma, upande wenye kile kishikio cha juu ya mlango. Nikiwa naendesha namtazama kwenye kioo: mkono ukiwa umekamata kishikio najua gari linamuumiza, hata kama mdomoni anasema, "Twende tu mwanangu." Gari langu la kwanza la daraja hili lilikuwa toleo la michezo, limeshushwa, rimu za inchi 18. Safari nzima, kutoka kwake hadi Nkuhungu, mama hakuachia kishikio.

Tangu serikali ihamie huku, maswali ya aina moja yananifikia kutoka kwa wenzangu kazini: kati ya Mark X, C-Class, BMW 3, Lexus IS na Audi A4, ninunue ipi? Nataka gari tulivu, au linaloshika barabara? Wanauliza kama vile ukipata moja umekosa jingine. Nimeendesha haya yote, mengine kwa miaka, mengine kwa safari za kuazima, na ninaamini gari moja linaweza kukupa yote mawili kwa kiasi kizuri. Kinachoharibu mara nyingi ni kile ambacho mnunuzi anakipenda kwanza akifika yadi: rimu kubwa.

Soma tairi kabla ya kusoma nembo

Chuchumaa pembeni ya gari, soma ubavu wa tairi. Ukikuta 205/55R16, maana yake upana ni milimita 205, urefu wa ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ni inchi 16. Piga hesabu: karibu milimita 113 za mpira na hewa kati ya rimu yako na shimo. Sasa nenda kwenye toleo la michezo lililo jirani, tairi ya nyuma. Mara nyingi utakuta 255/35R18. Hapo una milimita 89. Tofauti ni 24, kama upana wa kidole gumba.

Thamani ya kidole hicho niliijua usiku, tukitoka Gairo kuelekea Kibaigwa. Lori lilikuwa linakuja na taa kali, mimi nimebanwa upande wangu, shimo nikaliona likiwa tayari chini ya bampa. Ulisikika mlio wa chuma, si wa mpira. Nilipomulika kwa simu, mdomo wa rimu ulikuwa umeingia ndani kama bakuli la bati lililokanyagwa, na kwenye ubavu wa tairi nundu ilikuwa imechomoza, ukubwa wa yai. Gari halikuwa na tairi ya akiba. Tulilala Kibaigwa.

Lakini nisieleweke kwamba kushika barabara ni anasa ya vijana. Kwenye barabara ya Morogoro, basi likikupita kwa kasi upepo wake unakusukuma. Ukiwa Bahi, ng'ombe anaweza kuamua kuvuka wakati umebakiwa na mita 60. Gari linaloelea kama boti, ukikata usukani kushoto halafu kulia, mwili wake unachelewa kukufuata, na katika kuchelewa huko ndipo ajali zinapotokea. Kwa sababu hiyo sikuiweka Toyota Crown Royal Saloon kwenye orodha hii. Kwa kunesa hakuna wa kuifikia, ila ni gari kubwa na la utulivu tu, na wewe umeniuliza gari la mambo mawili.

1. Mercedes-Benz C-Class W204 (2007 hadi 2014), yenye rimu 16

Hili ndilo ninaloendesha sasa, na ningelinunua tena. (W204, kama W205, E90, F30 na B8 huko chini, ni jina la kiwandani la kizazi cha gari.) Shokapu zake, ambazo Mercedes waliupa mfumo wake jina la Agility Control, zina njia ya pembeni ya oili. Gurudumu likicheza kidogo, kama kwenye rasta au lami iliyochubuka, oili inapita njia hiyo kwa urahisi na shokapu inakuwa laini. Likicheza sana, kama unapokata kona kwa kasi, njia inabanwa na shokapu inakaza. Hakuna kitufe wala umeme, ni mekanika tupu. Ndiyo maana unapita matuta ya kijijini bila kurushwa, halafu ukianza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa baada ya Kintinku gari linaingia kwenye kona limetulia, halilali upande.

Safari yetu ya kwanza na gari hili, tulipofika Kintinku nilitazama kioo. Mama alikuwa amelala, mikono yote miwili mapajani.

Uchaguzi wa toleo ni muhimu kuliko mwaka. Elegance ina nyota imesimama juu ya boneti. Avantgarde ina nyota kubwa katikati ya grili. Nyingi za Avantgarde zinakuja na rimu 17, na zile zenye kifurushi cha AMG, yaani mapambo ya michezo, mara nyingi zina rimu 18 na springi zilizoshushwa. Vijana wanaipenda nyota ya kwenye grili. Wewe tafuta ile iliyosimama juu ya boneti, yenye 205/55R16, na ukikosa, nunua Avantgarde ukijua utabadilisha rimu.

C180 na C200 nyingi zina injini ya lita 1.8. Faida yake ni kwenye kodi: gari la zaidi ya cc 1000 lisilozidi cc 2000 linatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, likizidi hapo ni asilimia 10. Kasoro yake ni mnyororo wa taimingi kwenye injini hizo, hasa za miaka ya mwanzo. Washa injini asubuhi ikiwa baridi. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa sekunde kadhaa kabla haijatulia, usilipie.

Ndugu yake mdogo, W205, aliyeanza 2014, ana msingi mrefu zaidi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, milimita 2,840 dhidi ya 2,760. Baadhi yake zina Airmatic, yaani mifuko ya hewa badala ya springi. Zikiwa nzima, ni kama kukaa kwenye godoro. Ila mifuko hiyo ni ya mpira, mpira unazeeka, na vumbi letu halisaidii. Asubuhi ukikuta gari limeinama kona moja, safari ya Singida imekufa. W205 yenye springi za kawaida ni gari zuri sana kwa mwenye bajeti.

2. Toyota Mark X 250G ya kawaida (2004 hadi 2019)

Kama huna fundi wa magari ya Kijerumani unayemwamini, ruka namba 1, anza hapa. Wala usijione umepungukiwa.

Mark X ya kawaida inavaa 215/60R16. Rudia ile hesabu: milimita 129 za ubavu, nyingi kuliko gari lolote kwenye orodha hii. Msingi wake ni milimita 2,850, kwa hiyo pua haichezi juu chini inapopita matuta yanayofuatana. Injini ni V6 ya lita 2.5, inasukuma magurudumu ya nyuma, na kwenye kulipita lori inakutoa haraka. Usukani ni mwepesi, na ukibadilisha upande ghafla mwili unalala kidogo zaidi ya Mercedes. Kwa mwendo wa mzazi anayebeba familia, haisumbui.

Kuna mambo mawili ya kuchunga. La kwanza ni S Package: ina rimu 18 na imekazwa, na ndiyo inayopigwa picha nyingi kwenye matangazo. La pili ni springi zilizokatwa. Mark X imekuwa gari la vijana, na wengi hukata springi ili likae chini. Ingia chini uangalie: springi iliyokatwa mwisho wake una alama ya gurainda, haujakaa vizuri kwenye kikombe chake. Ukiikuta, achana na gari hilo hata kama bei imeshuka, kwa sababu shokapu nazo zimeshachoka zikifanya kazi isiyo yake.

Spea zake unazipata hapa hapa mjini. Kwa Mjerumani, mara nyingi unaagiza Dar es Salaam na kusubiri basi. Masika, kwenye mitaa isiyo na lami ya Nzuguni au Swaswa, magurudumu ya nyuma yanateleza kwenye tope. Ipo inayovuta magurudumu yote manne, inaitwa Four, na kwa anayeishi huko inafaa.

3. BMW 3 Series, E90 na F30

Kwa mwenye kupenda kuendesha, hakuna gari hapa linalozungumza na mikono yako kama E90. Uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu, mbele na nyuma, na kwenye kona za Mlima Sekenke unaelewa kwa nini watu hulipenda hadi kuzeeka nalo.

Shida ni tairi lilizotoka nazo kiwandani, ranifleti. Ubavu wake umeimarishwa ili gari liendelee kutembea hata upepo ukiisha, na ubavu mgumu haumezi shimo, unalipeleka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa abiria. Dawa ipo: vua ranifleti, vaa tairi za kawaida 205/55R16. Gari linabadilika kabisa, nimeshuhudia. Ila buti haina tairi ya akiba, kwa hiyo utabeba pampu ya umeme na vifaa vya kuziba pancha, au upoteze nafasi ya mizigo kwa tairi iliyolazwa. Kwa njia ya Mtera kwenda Iringa, mimi ningeilaza.

F30, iliyofuata baada ya E90, inanesa vizuri zaidi na nyuma kuna nafasi zaidi. Kati ya hizo mbili, mwenye mzazi wa kumbeba achukue F30 isiyo M Sport, yaani isiyo toleo la michezo.

4. Lexus IS250 (2005 hadi 2013)

Injini yake ni ile ile ya Mark X 250G, na hilo linakupunguzia hofu ya spea. Umaliziaji wa ndani ni wa hali ya juu, na kimya chake kwenye lami nzuri hakina mfano. Ila nyuma ni padogo, mtu mzima magoti yanagusa kiti cha mbele, na nyingi zina tairi za nyuma pana kuliko za mbele, kwa hiyo huwezi kuzihamisha ili ziishe sawa. Kwa asiye na abiria wa nyuma, ingepanda nafasi moja.

5. Audi A4 B8

Safari ndefu ya lami inaifaa. Lakini mbele ina mikono mingi ya alumini inayoshika magurudumu, kila mmoja na bushi yake, yaani mpira wa kwenye maungio, na barabara ya changarawe inazila moja baada ya nyingine. Injini zake za turbo za miaka hiyo zinajulikana kwa kunywa oili. Siishauri kwa anayeishi nje ya lami.

Siku ya kulijaribu

Nenda na mtu mwingine, akuendeshee, wewe ukae nyuma. Zima redio. Chukueni barabara ya Mtumba kwa lami, kisha ingieni mtaa wa vumbi kwa mwendo wa 30. Mlio wa kok-kok mbele ni linki za stabilaiza au bolijointi. Mkisimama, kandamiza kila kona ya gari kwa nguvu na uachie: likipanda mara moja na kutulia, shokapu ni nzima, likiendelea kucheza, imekufa.

Tazama tarakimu nne ndani ya alama ya umbo la yai kwenye ubavu wa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokauka ni ngumu hata kama kashata zake, yaani meno yanayogusa barabara, zimejaa. Halafu soma kibandiko cha upepo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ujaze kiasi hicho. Wajaza upepo wengi wanajaza kwa mazoea, na tairi iliyojazwa kupita kiasi inaligeuza gari tulivu kuwa mkokoteni.

Kabla ya kulipa, ingiza mwaka na toleo kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato) kama unaagiza mwenyewe, maana gari lililozidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu. Na bei yoyote utakayopatana, weka pembeni fedha za bushi za mbele. Gari lililokaa Japani miaka 10 bushi zake zimechoka, hasa zile zenye mafuta ndani. Zikipasuka unaona unyevu mweusi kwenye mkono unaoshika gurudumu. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, fanya baada ya kuzibadilisha. Ukiifanya kabla, fundi anapima gari lililolegea, na wiki inayofuata usukani unavuta tena upande.