Jigi ya kujitengenezea kwa msumeno wa meza: usahihi wake nilivyoupima

Kwa kukata mbao kwa kukingama, geji ya pembe iliyokuja na mashine nimeiweka pembeni. Natumia jigi ya kuteleza, yaani kifaa kinachoshika mbao na kuipitisha sawasawa kwenye msumeno: kitako cha plaiwudi ya mm 12, reli mbili zinazopita kwenye mifereji ya meza, na ukuta (ambao mbao huegemea wakati wa kukatwa) wa vipande viwili vya MDF, yaani mbao za unga wa mti ulioshindiliwa, ya mm 18, vilivyogundishwa pamoja. Usahihi wake unaridhisha sana, lakini ni pale tu ukuta unapopimwa vizuri. Na kabla ya yote, bledi iwe sambamba na mifereji. Isipokuwa sambamba, hakuna jigi itakayokuokoa.

Kupima ukuta kwa skwea, kile kipimo cha kona, haitoshi. Nyingi zenyewe haziko nyuzi 90, na jicho halioni sehemu ya kumi ya milimita. Tumia njia ya mikato mitano. Chukua MDF ya mm 400 kwa 400, kata upande mmoja, geuza ili upande uliotoka kukatwa ukae kwenye ukuta, kata tena, hadi pande nne ziishe. Mkato wa tano unarudi upande wa kwanza: toa ukanda wa upana wa kama mm 20, pima upana wa ncha zake mbili kwa kalipa (kipimo cha taya cha sehemu za milimita). Tofauti utakayoiona ni kosa lililojikusanya mara nne. Kwangu zilikuwa 20.9 na 20.1. Tofauti 0.8, gawa kwa 4, kosa ni mm 0.2 katika urefu wa 400. Kwenye rafu ya upana wa 600 hiyo ni 0.3, na kona ya kabati tayari inaonyesha mwanya.

Kusahihisha, ukuta ushikwe na skrubu moja tu upande mmoja, uzunguke kama bawaba, na klempu upande wa pili. Kutoka skrubu hadi klempu ni mm 500, kwa hiyo 0.2 ÷ 400 × 500 = 0.25. Bana kigingi nyuma ya ukuta, chomeka kati yake na ukuta fila geji ya 0.25 (kile kibapa chembamba cha chuma cha mafundi magari cha kupimia mwanya), bana ukuta upya, rudia mikato. Tofauti ikiongezeka, umesogeza upande usio wake. Ukiridhika, toboa tundu jipya. Skrubu ikirudi kwenye tundu la zamani inauvuta ukuta ulikotoka. Sasa ncha zangu zinatofautiana 0.1, yaani kosa la 0.025 kwa mm 400. Kwa samani sihitaji zaidi.

Reli za mninga zinateleza vizuri kiangazi, masika zinavimba na kubana. Reli za ubao wa plastiki wa kukatia nyama ni bora, haunyonyi maji. Ila toboa kwanza, skrubu isiitumbue plastiki ubavuni ikakwama mferejini.

Kona ya chini ya ukuta ichongwe mm 3 kwa mshazari. Vumbi likijaa pale, kipande hakigusi ukuta, na hesabu yote hapo juu imepotea.